Mnunuzi wa tiketi ya bahati nasibu aikague mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na tangu mwaka 2011 ninafanya kazi katika duka dogo huku Scarborough, upande wa mashariki wa jiji la Toronto, Kanada. Tunauza maziwa, mkate, sigara, kadi za basi na tiketi za bahati nasibu. Wiki mbili zilizopita mdogo wangu aliyeko Tanga alinipigia simu kwa furaha kwamba mwanawe amepata kibarua cha kuuza tiketi za bahati nasibu. Anazunguka na kimashine cha mkononi, asubuhi stendi, jioni sokoni. Nikaomba niongee naye, nikampongeza, kisha nikamuuliza: mteja akikurudishia tiketi umwangalizie kama imeshinda, anajuaje kwamba jibu unalompa ni la kweli?

Kijana akasita kidogo. "Mama mkubwa, namwambia tu. Ananiamini."

Sina shaka naye, ni mtoto niliyembeba mgongoni. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na ndiyo maana ninaandika barua hii.

Marehemu baba yetu alikuwa kuli wa bandari ya Tanga. Kila alipopokea mshahara alinunua tiketi moja ya bahati nasibu, moja tu, akaikunja na kuiweka ndani ya kofia yake. Siku ya matokeo alikwenda kwa mwenye duka wa mtaani kwetu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenunua gazeti. Baba alizijua namba, ila macho yalishaanza kuingia ukungu na matokeo yalichapwa kwa herufi ndogo mno. Basi alimkabidhi tiketi, mwenye duka akashusha miwani, akapitisha kidole gazetini, akasema, "Haijatoka, mzee." Tiketi ikaishia kwenye boksi chini ya kaunta. Mambo yalikwenda hivyo miaka na miaka.

Mwaka 1986 kaka yangu alikuwa darasa la saba. Alipenda hesabu kupita kiasi, na mwezi ule alikuwa amenakili namba ya tiketi ya baba nyuma ya daftari lake, kwa kuwa aliona inagawanyika kwa tisa. Wiki tatu baadaye mama alinunua maandazi yaliyofungwa kwenye kipande cha gazeti. Kaka akala andazi lake huku akisoma kile kipande, na pale kwenye doa la mafuta akaikuta namba ya baba. Haikuwa zawadi ya kwanza wala ya pili. Lakini ingetosha kuezeka bati chumba cha uani, ambacho tulikuwa tunalala watoto wanne chini ya makuti yanayovuja.

Baba alikwenda dukani na kile kipande cha gazeti. Mwenye duka akasema hakumbuki, na boksi la chini ya kaunta lilishamwagwa. Baba akarudi, akakaa barazani mpaka magharibi. Hakununua tena tiketi maishani mwake. Aliendelea kumsalimia yule mwenye duka kila asubuhi mpaka alipofariki, na mwenye duka aliendelea kuitikia. Mpaka leo sijui kama tuliibiwa au kidole cha yule bwana kiliruka mstari. Hakukuwa na njia yoyote ya kujua, na jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko fedha zenyewe.

Nilipoanza kazi huku, bosi wangu, Mtamili mmoja mzee mwenye mkono mwepesi wa kuhesabu chenji, hakuanza kunifundisha mashine ya fedha. Alianza na kalamu. Alinionyesha kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye kaunta, akasema mteja akikupa tiketi uiangalie, usiiguse mpaka aandike jina na kutia sahihi juu yake. Nilidhani ni ukali wa mzee tu. Baadaye nikajua kwamba kalamu ile ina historia, na historia hiyo ningependa wasomaji wako waijue, maana ni yale yale ya Ngamiani, tofauti ni kwamba yametokea katika nchi yenye kompyuta.

Katika nchi hii bahati nasibu ni mali ya serikali za majimbo. Sheria ya jinai inakataza mtu yeyote kuchezesha, isipokuwa kwa idhini ya jimbo. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1969, na Quebec ikawa ya kwanza kuingia, mwaka 1970. Hapa Ontario shirika la umma linaloitwa OLG ndilo linalochezesha, na faida inakwenda kwenye mfuko wa jimbo. Mshindi hakatwi kodi. Ana mwaka mmoja wa kudai. Yote hayo ni mazuri, na kwa miaka mingi watu waliridhika kwamba mambo yako sawa.

Mwaka 2001, katika kijiji cha Coboconk, mzee mmoja mstaafu aliyezoea kucheza namba zake zile zile alimpa muuzaji wa dukani tiketi zake amkagulie. Akaambiwa ameshinda tiketi ya bure. Baadaye akasoma gazetini kwamba watu wa duka lile lile wameshinda dola 250,000, kwa namba zake. Akaliandikia shirika, nalo halikumsikiliza. Akaenda mahakamani, na shirika la umma, badala ya kumtetea mnunuzi wake, likaweka mawakili wa kupambana naye. Mwaka 2005 lilimlipa dola 200,000 ili kesi iishe, kwa sharti kwamba asiseme. Alikuwa na umri wa miaka zaidi ya themanini. Hakunyamaza.

Televisheni ya taifa ya CBC ilikitangaza kisa chake mwaka 2006. Waandishi walimwomba Jeffrey Rosenthal, profesa wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, apige hesabu ya swali moja jepesi: wauzaji wa tiketi wanapaswa kushinda mara ngapi, ikiwa wanashinda kwa bahati kama watu wengine? Zawadi kubwa, za dola 50,000 na kuendelea, zilikuwa zimetolewa mara elfu tano na mia kadhaa katika miaka saba. Kwa hesabu yake wauzaji wangeshinda mara 57 hivi. Walikuwa wameshinda zaidi ya mara 200. Bahati haifanyi hivyo. Ninaposoma namba hizo ninamwona kaka yangu na daftari lake.

Hapo akaingia mchunguzi wa malalamiko ya wananchi wa jimbo, André Marin. Wenye umri wangu watakumbuka kwamba Tanzania ilikuwa na chombo cha namna hiyo tangu mwaka 1966, Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, na kazi yake sasa iko chini ya Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Ripoti ya Marin ilitoka Machi 2007. Alisema waziwazi kwamba shirika lilijali mauzo kuliko watu waliokuwa wakilipa. Siku chache kabla haijatoka, mkurugenzi mkuu wa shirika alikuwa ameshaondoka. Ukaguzi mwingine uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wa ndani, yaani wauzaji na wafanyakazi, walikuwa wamedai zawadi za jumla ya dola milioni 198 katika miaka 13. Si zote zilikuwa za wizi. Muuzaji naye anaruhusiwa kucheza. Lakini mpaka wakati ule hakuna aliyekuwa akizitenganisha halali na haramu.

Kisa kimoja kati ya hivyo kilinifundisha zaidi ya vingine. Mwaka 2003 marafiki saba, mafundi wa ujenzi, walikuwa wakicheza pamoja. Tiketi yao moja ilishinda tiketi nyingine za bure. Walipoipeleka dukani, katika mji wa Burlington, karani hakuwapa zote walizostahili, nyingine akazibakiza. Tiketi ya bure! Nani angeihangaikia? Moja kati ya zile alizobakiza ndiyo iliyoshinda dola milioni 12.5. Dada yake karani akaenda kuzidai, akalipwa. Mafundi wakaendelea kubeba zege. Polisi walikuja kulifumbua fumbo hilo mwaka 2010, kwa kuwa kompyuta za shirika zilikuwa zimehifadhi kila tiketi ilinunuliwa duka gani, saa ngapi, na ilikaguliwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hii haikupotea kwa sababu daftari lilikuwepo, ingawa lilikaa miaka saba bila mtu wa kulifungua. Januari 2011 wale mafundi walilipwa fedha zao pamoja na riba. Mwaka 2018 mahakama iliwahukumu waliohusika.

Sasa niwaeleze inavyokwenda leo kwenye kaunta yangu. Nina mteja, mzee wa Uvira aliyefika huku kutoka kambi ya wakimbizi, ambaye kila Jumatano na Jumamosi, siku za droo ya mchezo wa 6/49 (wa kuchagua namba 6 kati ya 49), anapitia dukani. Tunaongea Kiswahili, chake cha Kongo na changu cha Tanga. Mara ya kwanza alinisukumia tiketi kwa vidole viwili.

"Mama, uangalie hii."

"Shikamoo baba. Weka sahihi kwanza."

"Nisaini fasi gani?"

Nikamwonyesha mstari. Aliandika herufi tatu za jina lake taratibu, akizibonyeza kama anayechonga. Nikamwambia, baba, sasa usinipe mimi. Nenda pale. Pembeni ya mlango kuna kimashine chenye kioo na taa nyekundu. Akaweka ile mistari ya msimbo (barcode) ya tiketi chini ya taa, hakuna kitu. Akaigeuza, akaweka tena, na skrini ikamwandikia kwamba ameshinda, ikamtajia kiasi: dola 10. Ndipo akaileta kwangu. Nilipoipitisha kwenye mashine yangu ikapiga ule muziki wa ushindi, wa sekunde chache tu, ambao duka zima linausikia, na skrini iliyomwelekea yeye, siyo mimi, ikarudia: dola 10. Zikatoka risiti mbili, moja yake, moja ya duka.

"Imeimba!" akasema, akiwatazama watu wawili waliokuwa kwenye foleni kama mashahidi wake. Na kweli walikuwa mashahidi.

Tangu siku ile hanipi tiketi bila kuanzia kwenye kimashine cha mlangoni. Mimi na yeye tumekuwa kama ndugu, ananiletea sombe, yaani kisamvu, anayopika mkewe, na bado hanipi tiketi bila kuikagua. Sijachukia hata kidogo. Ningependa baba yangu angepata nafasi hiyo ya kutomwamini mtu anayempenda.

Zawadi ikiwa kubwa mashine yangu inaganda. Siwezi kuuza wala kukagua kitu chochote. Simu ya duka inalia, na anayepiga ni ofisi ya shirika. Anaomba kuongea na mteja, siyo na mimi. Imenitokea mara moja tu. Mama mmoja wa makamo, muuguzi, alishika simu ile kwa mikono miwili, nami nikasogea nyuma mpaka kwenye friji la maziwa kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Tena tangu mwaka 2008 kila duka linalouza tiketi limesajiliwa kwa mdhibiti wa michezo ya kubahatisha wa jimbo, ambaye ni chombo kingine kabisa, tofauti na shirika linalochezesha. Hilo ni muhimu. Zamani aliyekuwa akiuza ndiye aliyekuwa akijichunguza.

Na mimi je, nikinunua tiketi ikashinda zawadi kubwa? Naruhusiwa kudai, ila lazima niseme kwamba ni muuzaji, na hata mume wangu akishinda lazima aseme kwamba mkewe ni muuzaji. Wanachunguza niliinunua wapi na lini, wanatangaza jina langu, na fedha zinashikiliwa siku 30 ili mwenye dai lake ajitokeze. Wapo wenzangu wa kazi wanaolalamika kwamba tunatendewa kama wezi. Siwaungi mkono. Mtu aliyekaa kati ya tiketi na fedha hawezi kudai aaminiwe kuliko karatasi.

Ninajua wapo watakaosema wizi mkubwa wa bahati nasibu haufanyiki kwenye kaunta, unafanyika kwenye droo yenyewe. Umetokea, ni kweli. Mwaka 1980 huko Pennsylvania, Marekani, mtangazaji wa droo ya televisheni alikula njama na wenzake wakadunga rangi ndani ya vile vimpira ili viwe vizito, isipokuwa vya namba 4 na 6, ikatoka 666. Miaka ya karibuni zaidi, Eddie Tipton, mtu wa usalama wa kompyuta katika chama kinachoendesha michezo ya pamoja ya majimbo ya Marekani, aliandika programu iliyomwezesha kukisia namba katika siku fulani za mwaka. Alinaswa kwa tiketi ya Iowa ya dola milioni 16.5 iliyonunuliwa mwaka 2010, ambayo kamera ilimwona akiinunua. Alihukumiwa mwaka 2017. Dawa ya wizi wa namna hiyo ni droo ya hadharani. Wahispania wana droo ya Krismasi tangu mwaka 1812. Kila tarehe 22 Desemba watoto wa shule ya San Ildefonso ya Madrid huimba namba na zawadi moja moja kwa saa nyingi, ukumbi umejaa watu na nchi nzima inasikiliza. Namba ikishaimbwa mbele ya watu wote hao, nafasi ya kuibadilisha iko wapi?

Lakini droo hata ikiimbwa na malaika, mtu wa kawaida bado atarudi mtaani na kikaratasi chake na kumuuliza mtu, "Hebu niangalizie." Hapo ndipo nilipo mimi, na ndipo alipo mwana wa mdogo wangu.

Huko nyumbani tuna sheria na tuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Nchi nyingine nazo zina namna zao. Uingereza hutoa leseni moja tu ya bahati nasibu ya taifa kwa kampuni moja kwa muda maalumu, na mdhibiti anakaa pembeni; ilianza mwaka 1994 na mwaka 2024 leseni ilihamia kwa kampuni nyingine. Muungano wa Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, uliunda mdhibiti wake mwaka 2023 tu. Uganda imekwenda mbali kwa upande wa umri: sheria yao ya mwaka 2016 inataka mchezaji awe na miaka 25. Sisemi tunakili ya mtu yeyote nzimanzima. Ninaiomba Bodi yetu iyatazame mambo machache ya kaunta, ambayo hayana gharama kubwa ukilinganisha na mauzo.

La kwanza ni kalamu. Kila tiketi ya karatasi iwe na mstari wa jina na sahihi, na iandikwe kwa Kiswahili kikubwa kinachosomeka: "Tia sahihi kabla hujampa mtu." Asiyejua kuandika aweke alama yake au dole gumba. Tiketi isiyo na sahihi, muuzaji asiruhusiwe kuikagua.

Kisha mnunuzi awe na njia yake ya kukagua isiyopita mikononi mwa muuzaji. Kwa Tanzania hili ni jepesi kuliko kwa Kanada. Huku walilazimika kuweka vimashine kwenye milango ya maduka. Sisi tuna simu hadi shambani. Namba fupi ya bure, unaingiza namba za tiketi, meseji inakujia wewe: imeshinda shilingi kadhaa, au haijashinda. Iwe inafanya kazi kwenye simu ya tochi, isihitaji intaneti, na isikate salio hata senti. Na ijibu kwa sauti pia kwa wenye macho kama ya baba yangu. Wale wanaochezea kwenye simu moja kwa moja wana nafuu hapo, kwa kuwa ushindi unaingia kwenye namba yao; ingawa nao wanapaswa kuonywa kila mara kwamba mshindi wa kweli hatumi hela ili apewe hela. Wajanja wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wanasubiri msimu wowote wa zawadi kubwa ili watume meseji zao, na bibi yangu mmoja wa Pangani aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya "kodi ya zawadi" ya mchezo ambao hakuwahi kuucheza.

Vimashine vya mkononi navyo viwe na mlio wa ushindi ambao muuzaji hawezi kuuzima, na vitoe risiti ya ukaguzi kila mara, hata kwa tiketi iliyokosa. Mnunuzi akiondoka na karatasi inayosema "haijashinda", iliyochapwa na mashine, siku tatu baadaye anaweza kuilinganisha na gazeti. Baba yangu aliondoka mikono mitupu.

Na kila mwaka Bodi itangaze hadharani wauzaji na mawakala wameshinda zawadi ngapi kati ya zote. Jedwali la mistari mitatu linatosha. Profesa wa takwimu hatutamkosa Dar es Salaam wala Dodoma, na hata mtoto wa darasa la saba anayependa hesabu ataona kama kuna kitu hakikai sawa.

Nawe Mhariri nina ombi kwako. Gazeti lako huchapisha picha za washindi wakiwa wameshika hundi kubwa za maboksi. Ninafurahi nao. Lakini chini ya picha hiyo weka mistari miwili. Mmoja useme uwezekano wa kushinda. Kwa mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, kwa mfano, kuna michanganyiko 13,983,816 na ni mmoja tu unaotoka. Mwingine uchapishe namba zilizoshinda zawadi zote, ndogo kwa kubwa, kwa herufi ambazo mzee wa miaka sabini anazisoma bila kuazima miwani ya mtu. Najua nafasi ya gazeti ni ghali. Lakini yupo mtu ambaye gazeti hilo ndilo ushahidi wake pekee, na pengine litamfikia likiwa limefunga maandazi.

Mwana wa mdogo wangu nimemtumia kalamu kumi na uzi. Nimemwambia moja aifunge kwenye kile kimashine chake, na kabla hajapokea tiketi ya mtu yeyote amwelekeze mahali pa kutia sahihi, hata kama kampuni haijamwagiza. Jana alinitumia picha. Kalamu ya bluu inaning'inia, na nyuma yake ameinama mama mmoja muuza ndizi, tiketi ameiweka juu ya goti, anaandika.

Msomaji wenu, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga
Scarborough, Ontario, Kanada
(Jina nimeomba lihifadhiwe)